Kukata Kanga ya Mama

Mwaka jana, baada ya arobaini ya mama, tuligawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Mdogo wangu wa kiume alichukua kitanda cha mninga, wa mwisho akachukua vyombo na friji, mimi nikapewa sanduku la bati lenye kanga. Zilikuwa doti 11, nyingi zimechakaa kwa kufuliwa, na moja ilikuwa peke yake kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa pamoja na karafuu chache zilizokwisha harufu. Nyekundu iliyokolea, nyeusi na nyeupe. Pindo la korosho. Pembeni kabisa, kwenye ukingo wa kitambaa, maandishi madogo ya kiwandani, ya Kiingereza, yanayosema nguo hii imetengenezwa Japani. Na chini ya mji, kwa herufi kubwa: SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE.

Nikasema, hii nashona sketi.

Sketi hiyo ilinichukua miezi minne. Kushona kwenyewe kulichukua siku mbili, tena siku mbili za mtu ambaye cherehani anaijua kwa mbali. Muda wote uliobaki ulikuwa wa kujiuliza kama nina haki ya kuikata.

Utasema nakuza mambo. Kanga tunazichana kila siku, tunapata nepi, vitambaa vya jikoni, kamba ya kufungia mzigo. Kweli. Lakini hii haikuwa kanga ya kushindia nyumbani. Kwenye ukoo wetu kila mtu mzima anajua punda ni nani. Punda ni shangazi yangu. Yuko hai, ana miaka karibu 80, anakaa Keko Mwanga, na ndiye fundi cherehani wa kwanza niliyemjua maishani mwangu.

Habari yenyewe ni fupi. Mama aliolewa 1965, wakapanga chumba na ukumbi Keko Magurumbasi. Baada ya muda baba akamleta mdogo wake kutoka Rufiji ajifunze ushonaji. Mama akamlisha, akamvisha, akamnunulia uzi na sindano kwa hela ya maandazi. Watoto hawakuja. Mwaka wa kwanza, wa pili. Mwaka 1967 yule binti akamwambia kaka yake, tena mbele ya watu, kwamba mke huyu ni mgumba na aoe mwingine. Mama hakujibu kitu. Wiki iliyofuata alikwenda Mtaa wa Uhuru akanunua doti moja, akaipinda kwa mkono, akaivaa kwenye harusi Chang'ombe, harusi ambayo wifi yake alikuwepo. Alikaa mbele yake ngoma nzima, amempa mgongo.

Mimi nilizaliwa 1970. Mtoto aliyechelewa ndiye mimi, kwa hiyo hilo neno lilisemwa kwa ajili yangu kabla sijafika.

Baada ya hapo waliishi. Hawakugombana tena, hawakupatana pia, walikuwa wanajuliana hali. Shangazi ndiye aliyenishonea sare za shule kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, bila kumdai baba hata senti. Na mama aliitunza ile kanga na karafuu kwa zaidi ya miaka 50, hakuivaa ikachakaa, hakuitoa sadaka, hakuigawa.

Sasa mimi nimekaa na mkasi.

Jambo la kwanza lililonisumbua ni hayo maandishi madogo ya pembeni. Nguo imetoka Japani. Watu wengi hushangaa wakisikia, kwa sababu kanga tunaiona ni yetu kama ugali. Lakini nayo imesafiri. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wananunua leso za kigeni zilizochapwa, zikiuzwa kwa jora, wanakata sita, wanaunganisha tatu kwa mbili, wanapata nguo moja pana ya kujifunga. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Wenye maduka walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Zikachapwa Uingereza, Uholanzi, India. Mombasa, kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza 1887 na ambayo wengi tunaijua kwa jina la Mali ya Abdulla, ikajijengea sifa kwa maneno yake. Kati ya vita kuu mbili Japani nayo ikaingia sokoni, ikakatizwa na Vita vya Pili, kisha ikarudi kwa nguvu. Kampuni ya Nishizawa ilikuwa miongoni mwa zilizotuletea mzigo. Mama alikuwa anasema kanga za Japani hazichuji, na kwa hii naona alikuwa sahihi. Nyekundu yake bado ni nyekundu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968, mwaka mmoja baada ya mama kununua doti yake.

Kwa hiyo kuna mtu, mahali fulani Japani, alisimama kwenye mashine akayaona maneno PUNDA na MATEKE yakipita mbele yake, mita kwa mita, mchana kutwa. Hakujua ni maneno ya lugha gani labda, wala kwamba ni tusi la kistaarabu. Akafunga kazi akaenda kula. Je, huyo alimtukana shangazi yangu? Hapana. Na mwenye duka aliyeyachagua maneno akayatuma kwenye oda, alimtukana? Hapana, hakumjua. Kwenye kabati la duka ile doti ilikuwa kama neno ndani ya kamusi: lipo, halimgusi mtu. Hata mama alipotoa hela bado lilikuwa halijasemwa. Lilisemwa siku ile Chang'ombe, alipolifunga kiunoni na kukaa mbele ya mtu mmoja.

Hili nililishikilia kwa muda, nikaona limenipa jibu. Kama maneno hayamo kwenye kitambaa bali yamo kwenye kukivaa, basi mama alipofariki kanga ilirudi kuwa kitambaa. Pamba tu na rangi. Kata, shona, vaa.

Mdogo wangu hakukubali. Yeye alisema kuikata ni kumkata mama mdomo. "Mama hakusema mengi maishani," akasema, "na hilo moja alilolisema unataka uligeuze rinda." Ni mtu wa maneno makali, anamfuata mama, ila yeye hatumii kanga. Nikamkumbusha kitanda. Kile kitanda cha mninga cha mama, tano kwa sita, ambacho sisi sote tulizaliwa juu yake, yeye alikipeleka kwa mafundi samani wa huku huku Keko. Ukipita pale barabarani utaona makabati na sofa vimepangwa hadi kwenye mtaro, randa zinalia kuanzia asubuhi, vumbi la mbao limetanda kama unga. Fundi alikivunja kitanda kwa dakika 20, akakitoa misumari, akapiga randa, akampa viti vinne na meza ndogo. Havijambo, nimevikalia.

"Kitanda hakisemi," mdogo wangu akasema.

Ndiyo, hapo alinishika. Mbao ya mninga ikivunjwa inabaki mninga. Kanga ikikatwa kuna kitu kinachoweza kupotea ambacho si kitambaa. Na kama kweli ilikuwa imerudi kuwa pamba na rangi tu, kwa nini mkono wangu ulikuwa mzito kiasi kile kila nilipoitandika mezani?

Nikaanza kufikiria mirathi. Kwetu, mtu akifa, kabla ya kugawana chochote hulipwa madeni. Hata makaburini mtu wa familia husimama akatangaza: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, na kama yupo ambaye marehemu anamdai naye ajitokeze, na aliyekosewa tunaomba amsamehe. Siku tuliyomzika mama alisimama mdogo wangu akatangaza hayo. Alijitokeza muuza mkaa. Shangazi alikuwa amekaa na wanawake wengine nyumbani, kwenye mkeka, kajitanda. Angekuja kusema nini? Kwamba anadai neno? Au kwamba anadaiwa? Madeni ya maneno hayana pa kutangazwa. Kwa hiyo hayalipwi, yanakunjwa na karafuu, yanaingia kwenye sanduku la bati, na sanduku anapewa binti mkubwa.

Hapa nitaingiza jambo ambalo huwa linaniudhi tunapoisifia kanga. Tunapenda kusema kanga ilimpa mwanamke sauti. Sawa. Lakini ilimpa pia mlango wa nyuma. Ukimuuliza aliyeivaa, "Wewe, mbona unanisema?" anakujibu, "Mimi nimevaa nguo tu, kama imekuchoma shauri yako." Maneno ni ya kanga, mgongo ni wangu. Ni usemi usio na msemaji. Vijana wa leo wanafanya hivyo hivyo kwenye status za simu, wanarusha dongo saa mbili asubuhi, ukiuliza unaambiwa ni nukuu tu. Na anayesemwa hana namna ya kujitetea, maana akijibu tu amekiri kwamba ndiye. Kanga hujibiwa kwa kanga. Kama duka halina maneno unayotaka kujibu, au huna hela ya doti, umeshindwa kesi.

Halafu najirudi. Mama angesema nini kingine, na wapi? Alikuwa na miaka 20, amepanga, hana mtoto, yuko ndani ya nyumba ya mume, anayemsema ni damu ya mume. Angefungua mdomo angeambiwa anawatukana wakwe. Mlango wa nyuma ndio uliokuwa wazi. Na tofauti na hawa wa status, yeye alikuwepo pale na mwili wake. Alikaa mbele ya wifi yake kuanzia saa kumi jioni hadi ngoma inafungwa. Ukiwa hivyo huwezi kusema hukusema. Kwa hiyo sikumlaumu, na bado simlaumu. Ila swali langu halikuwa kama mama alikosea. Swali lilikuwa: mimi nikiivaa, nani anasema?

Nikitembea Keko na sketi yenye maneno yale, na shangazi akaniona, nitakuwa nimemwambia mara ya pili. Siwezi kujitetea kwamba ni maneno ya mama, kwa sababu mama hayupo na mgongo ni wangu. Na mimi sina ugomvi na shangazi. Mimi ni yule mtoto aliyevaa sare zake miaka saba.

Basi nikapata ujanja, na nikaufurahia siku nzima. Kanga ina karibu mita moja na nusu kwa upana na mita moja na kidogo kwenda chini. Nikipanga vizuri, mshono ukapita baada ya neno la kwanza, maneno mengine yote yanaliwa ndani, na kwenye upindo wa sketi linabaki moja tu: SHUKRANI. Nitamvalia shangazi sketi inayosema shukrani. Nilichora hadi kwenye karatasi.

Usiku nikaona aibu. Ule ulikuwa ughushi. Mama aliandika barua ya maneno matano, na mimi naichana nibakishe neno moja linalosema kinyume, halafu naipeleka kwa mwandikiwa kama imetoka kwake. Kumnyamazisha marehemu ni jambo moja, hilo labda linaweza kusameheka. Kumtia mdomoni neno ambalo hakulisema, na angekuwa hai asingelisema, hilo ni baya zaidi, hata kama neno lenyewe ni zuri. Nafikiri hasa likiwa zuri. Watu wengi wanaowasema vizuri marehemu wao wanafanya hivi bila mkasi.

Ukiniuliza kwa nini sikuiacha tu kwenye sanduku, jibu ni kwamba kuiacha nako ni kufanya kitu. Ningekuwa namwachia binti yangu. Yeye hajui punda ni nani. Angeikuta, angependa rangi, angeivaa Jumapili moja kwenda kumsalimia bibi yake mdogo kule Keko Mwanga.

Kwa hiyo mwezi wa nne niliichukua kanga, nikaitia kwenye mfuko, nikaenda kwa shangazi. Nilijiambia naenda kwa sababu ana cherehani. Mimi sina.

Nilimkuta barazani, cherehani imefunikwa na gazeti, anatoa mawe kwenye mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mzigo."

Nikamwambia nataka kujifunza kushona sketi, nishone mwenyewe, si kushonewa. Akacheka, akasema nimeanza mapema. Akaosha mikono. Nikatoa kanga nikamwekea mapajani imekunjwa, na nikiri hapa kwamba niliangalia pembeni.

Aliifungua kwa namna mafundi wanavyofungua kitambaa, mara moja, imetanda. Akapitisha kidole kwenye upindo wa mkono alioushona mama. Akageuza ukingo akasoma yale maandishi madogo. Akasema, "Japani hii." Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ile ile aliyoniulizia kama nataka zipu au lastiki: "Maneno unataka yaje mbele, yaje nyuma, au tuyale kwenye rinda?"

Nilishindwa kujibu. Yale niliyokuwa nayazungusha kichwani miezi mitatu, yeye aliyaweka kwenye sentensi moja ya ufundi. Nikamwambia, "Shangazi, najua hii kanga."

"Unajua nini?"

Nikamwambia ninachokijua. Rufiji, maandazi, ule usemi mbele ya watu, harusi ya Chang'ombe. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nilisema kweli. Nilimwambia kaka aoe. Nilikuwa mtoto, lakini si mtoto wa kutojua." Kisha akaniuliza kama mama aliwahi kunisimulia habari ya sketi fupi.

Hakuwahi.

Wanaokumbuka wanakumbuka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, eti ni uchafuzi wa utamaduni wa taifa. Waliita Operesheni Vijana. Utekelezaji ulipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, lakini wako waliokuwa na haraka, hawakusubiri tarehe. Wasichana walikimbizwa, wakazomewa, wakachaniwa nguo. Shangazi alikuwa fundi kijana, na fundi kijana hujivalia kazi yake. Siku hiyo alikuwa Kariakoo na sketi aliyojishonea mwenyewe, kitambaa cha maua, juu ya goti. Kundi la vijana likamwona. Alikimbia, wakamkamata, wakamchania ubavu mzima. Alirudi Keko kwa miguu ameushika mpasuko kwa mkono, njia nzima watu wanamcheka.

Mama alikuwa nje anakaanga maandazi. Alimwona anakuja. Alikuwa amevaa doti yake, moja kiunoni, moja kajitanda. Aliacha karai motoni, akavua ya kujitanda, akamfunga wifi yake kiunoni pale pale mbele ya majirani, akamkaza fundo. Hakusema neno.

"Nikaingia nayo ndani," shangazi akasema. "Punda mwenyewe, kavaa mateke yake." Akacheka hadi akakohoa.

Nilimuuliza kama mama aliivaa makusudi. Hakujua. Labda ilikuwa ndiyo iliyokuwa safi siku hiyo. Alimrudishia kesho yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Hawakuizungumza. Kwenye miaka yote ile 50 na zaidi hawakuizungumza, wala harusi, wala sketi. Shangazi anasema siku za mwanzo baada ya ile harusi alikuwa anapita madukani kutafuta kanga ya kumjibu mama, na hakupata maneno. Baada ya Kariakoo akaacha kutafuta.

Nimekaa na habari hii sasa karibu mwaka na bado sijui niiweke wapi. Hoja zangu zote zilisimama juu ya jambo moja ambalo sikuwahi kulichunguza: kwamba mama alisema kitu kimoja. Kwamba ile kanga ni sentensi, sentensi ina maana, na kazi yangu ni kuamua kama nitaitunza au nitaivunja. Mdogo wangu naye alifikiri hivyo hivyo, tulibishana tukiwa upande mmoja bila kujua. Kumbe ile nguo ilimtukana mtu na ikamsitiri mtu yule yule, ndani ya mwaka mmoja, ikiwa na maneno yale yale. Alipokuwa kaivaa shangazi, nani alikuwa anasema na nani alikuwa anaambiwa? Majirani waliosoma maneno kiunoni kwake walielewa nini? Na mama alipoihifadhi na karafuu, alihifadhi siku ipi?

Na kuna lile la utamaduni, nalitaja tu. Waliomchania shangazi sketi walisema ni nguo ya kigeni. Sketi aliikata na kuishona mwenyewe pale Keko. Kilichomsitiri, ambacho hakuna kijana wa TANU angethubutu kukigusa, kilitoka Japani kwa meli.

Yapo mambo ambayo hadithi ya shangazi haikuyabadilisha. Lile neno la mgumba alilisema, na mama alilibeba. Sikutoka pale nikiwaza kwamba walikuwa wanapendana chini kwa chini. Huenda hawakupendana. Mtu anaweza kumsitiri asiyempenda, na nadhani hilo ni kubwa kuliko kumsitiri unayempenda, lakini sitaki kumfanya mama mtakatifu kwa sababu ya fundo moja la kanga. Nilikwisha jikanya kuhusu ughushi.

Kilichobadilika ni swali la nani mwenye haki. Nilikuwa nahesabu wawili, mama aliyesema na mimi niliyerithi. Shangazi nilimhesabu kama mtu wa kulindwa asiumie. Lakini barua ukishaipeleka si yako peke yako tena, ni ya uliyempelekea pia, na shangazi aliipokea hii, akaivaa, akaifua, akairudisha. Kama kuna mtu wa kuulizwa kabla ya mkasi, alikuwa yeye, na ningemuuliza siku ya kwanza nisingepoteza miezi mitatu. Niliogopa. Tunawaza sana juu ya haki za marehemu, nadhani, kwa sababu wao hawatatujibu.

Nikamuuliza, "Tuikate?"

"Ni yako."

"Nakuuliza wewe."

Akaiangalia. Akasema doti ina vipande viwili, sketi inataka kimoja, kimoja kirudi sandukuni. Nikamuuliza kipi ndicho alichovaa yeye siku ile. Akavichukua vyote viwili, akavigeuza, akanusa, akatazama mapindo dhidi ya mwanga. Vilikuwa sawasawa. Mama alikuwa na mkono mzuri, mapindo yake hayatofautiani. "Sijui," akasema. "Chagua chochote."

Nikachagua cha juu. Akanipa chaki na tepu, akanipimia kiuno, akasema kiuno kimekua. Akaniambia nikunje pindo la juu nilikate, ndilo litakuwa mkanda. Lakini mkasi alikataa kuushika. Alikaa kwenye kigoda mikono kaiweka mapajani. "Si umesema unashona mwenyewe?"

Ule mkasi wake ni mzito, wa chuma, wa zamani. Nilikata taratibu mno, akaniambia mkasi ukisitasita unatafuna kitambaa, nenda moja kwa moja. Nikaenda moja kwa moja. Marinda tulipanga madogo, kwa kuwa kitambaa kimoja hakitoshi makubwa kwa kiuno changu cha sasa. Maneno hatukuyala. Nilimwambia yabaki nyuma, yanapokaa kwenye kanga siku zote, na marinda yayakunje yanavyotaka. Ukisimama unaona herufi hapa na pale, hazisomeki. Ukitembea zinafunguka na kufunga. Niliyepiga bandi ni mimi, imeenda upogo sehemu mbili, akanifumulisha zote. Kesho yake nikarudi kwa cherehani, nikavunja sindano moja, na jioni nikamaliza kupinda chini.

Nikaivaa pale pale barazani juu ya gauni. Akaniambia nigeuke. Nikageuka nikampa mgongo, nikasimama. Randa za mafundi samani zilikuwa zimenyamaza, ilikuwa karibu Magharibi. Alikaa kimya muda ambao ulinitosha kuhesabu vifungo vya gauni langu, na kuvihesabu tena. Nilimsikia akisogea, nikasikia mkono wake ukishika upindo na kuunyoosha, rinda moja, la pili, la tatu.

"Kushoto imeshuka," akasema. "Vua."